Gauni la Kujifungua Lisilofunguka

Wazazi wenzangu, sogeeni karibu, na wale wanaume wanaopenda kusema "hayo ni mambo ya wanawake" nao wasikae mbali, maana hadithi hii ni yao pia. Nataka kuwaambia yaliyompata Nelvine, mke wa Kipngeno, kule juu ya Silibwet, kwenye mashamba ya chai, mwaka wa tisini na sita, msimu ule mvua ya mawe ilipokuwa ikitupiga kila alasiri.

Boma lao lilikuwa la amani. Asubuhi Kipngeno alikamua ng'ombe. Mama yake, Rebeccah, alivaa aproni ya plastiki akaingia kwenye chai kabla umande haujakauka. Nelvine alikuwa mjamzito na tumbo lilikuwa limeshamkataza kubeba kikapu, basi yeye aliketi mlangoni na cherehani yake ya kukanyaga, akishonea watu sare za shule. Majirani waliokuwa wakichuma walisikia cherehani ile ikienda na wakajua kwa Kipngeno kumekucha salama.

Siku hizo, akimaliza sare, Nelvine alikuwa akishona gauni lake mwenyewe la kwendea hospitali. Msicheke. Ngojeni kwanza mjue kwa nini.

Alikuwa amezaa mara moja kabla ya hapo. Alikwenda kujifungua amevaa gauni lake la Jumapili, lenye kola ya kubana na zipu mgongoni, kwa sababu mke wa watu haendi mbele za watu amevaa matambara. Mtoto alikuja kabla ya wakati. Wauguzi walitaka kumlaza kifuani pa mama apate joto, lakini mama alikuwa ameilalia zipu, kola haikupita kichwani, na mikono ya gauni ilikwama. Kufikia walipomaliza kupigana na nguo, mtoto alikuwa ameshakaa mezani ndani ya taulo muda mrefu, na baridi ya huku kwetu mnaijua. Hakumaliza wiki. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu, wakala chai, wakaenda kwao. Lakini Nelvine ni fundi wa nguo, na jambo lile halikumtoka rohoni.

Alipopata mimba ya pili, alimuuliza muuguzi wa kliniki, mama mmoja Mkisii aliyeitwa Bochaberi, "Sista, nguo ya mama inawasumbua wapi?"

Bochaberi alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akaweka kalamu chini.

"Hapa kwa mkono, tukitaka kuweka dripu. Hapa chini, tukitaka kupima mama bila kumvua nguo zote. Na hapa kifuani zaidi. Mtoto akitoka tunataka aguse ngozi yako hapo hapo, na mkae hivyo. Huku hatuna mashine ya joto, Nelvine. Mashine ni wewe."

Basi akashona kwa maneno hayo. Mikono ya gauni aliipasua akaitia vifungo vya kubana. Chini aliacha mpasuo unaofunikwa na pindo jingine, ili mama apimwe na heshima yake. Mbele, vipande viwili vilipishana na kufungwa kwa kamba moja tu ubavuni, ukivuta kamba kifua kinafunguka. Ndani akaweka mkanda mpana wa fulaneli wa kumshika mtoto wima juu ya ngozi ya mama. Kujaribu, alitia pakiti ya unga kwenye ule mkanda akafagia nyumba nzima nayo kifuani.

"Sasa unalea unga?" Kipngeno akamuuliza, akicheka mpaka akakohoa.

"Cheka tu. Huyu asipoanguka, hata wako hataanguka."

Amani hiyo ilivurugwa na kamba ya kuanikia nguo. Rebeccah alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na Alhamisi moja wenzake walikuja kwake kwa maombi. Gauni lilikuwa limefuliwa, linapepea uani. Rodah, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, alilishika akaligeuza.

"Mama Kipngeno, hii nguo ya mkaza mwana wako iko na mlango! Sasa watu wakija wanapiga hodi wapi?"

Wakacheka wote. Rebeccah naye alicheka, lakini akalianua lile gauni upesi. Jioni alimwita Nelvine jikoni.

"Utapita hapo kwa kituo cha kupima majani ya chai, wanaume wote wamekaa wanakuangalia, na umevaa kitu ya kufunguka kifua?"

"Mama, nitajifunika leso."

"Leso inaanguka."

"Ikianguka iko kamba. Mama, yule wa kwanza alikufa na baridi."

"Alichukuliwa na Mungu. Usiweke Mungu kwa nguo." Akaendelea kukoroga ugali, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nelvine alimtafuta Kipngeno amsemee kwa mama yake. Kipngeno alisema hayo ni mambo ya wanawake. Mnaona sasa? Neno moja la mwana lingetosha, naye akalimeza ili chakula chake kiliwe kwa utulivu.

Kesho yake Rebeccah alikuwa mpole ajabu. "Lete hiyo gauni nikupigie pasi," alisema. Nelvine akashukuru, akadhani moyo wa mama umelainika. Rebeccah alilipiga pasi ya makaa, akachukua sindano na uzi maradufu, akashona ule mpishano wa mbele kutoka shingoni hadi kiunoni, kwa ndani, na kamba akaiacha nje ining'inie kama kawaida. Hakuwa mama mbaya, nisikilizeni vizuri. Alijiambia kwamba wauguzi watajua la kufanya, na jina la nyumba litakuwa limepona. Akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa safari.

Uchungu ulimshika Nelvine mwezi mzima kabla ya siku zake kutimia, alasiri, mawe ya barafu yakipiga mabati hata watu hawasikizani. Alijisukumia gauni kichwani akiwa ameinama kwa maumivu, Rebeccah akimvuta pindo. Kipngeno alikimbia kumwita Kimotho, mfanyabiashara wa maziwa, aje na pikapu yake, na Rebeccah akapanda pamoja nao. Barabara ilikuwa matope matupu. Pikapu iliteleza, ikasimama, wanaume wakashuka kuisukuma, na kila iliposimama Nelvine aliuma leso na kuomba mtoto angoje. Hapo kwenye kituo cha majani, kwa taarifa yenu, hapakuwa na mtu. Mvua ilikuwa imewafukuza wote.

Walipofika kituo cha afya, zamu ilikuwa ya Bochaberi peke yake. Mtoto hakumpa nafasi hata ya kufunga mlango vizuri. Alikuwa msichana, mdogo, rangi yake si nzuri, na kilio chake kilikuwa chembamba sana.

"Vuta kamba, Nelvine. Tumweke kwako haraka."

Nelvine akavuta kamba. Kamba ikatoka, kifua hakikufunguka. Akaingiza vidole kwenye mpishano, vikagonga uzi. Akavuta kwa nguvu zote zilizobaki. Uzi ulikuwa maradufu. Akajua papo hapo kwamba huo si mshono wake, akageuza macho akamtazama mama mkwe wake, na Rebeccah akatazama sakafu.

"Nani amefunga hii kitu?" Bochaberi alifoka. Alimpa Rebeccah mtoto ndani ya taulo, akanyakua mkasi. Hakukata hata inchi. Damu ilimwagika kutoka kwa Nelvine, nyingi, ikachirizika hadi sakafuni. Bochaberi aliutupa mkasi kitandani kando ya Nelvine akaanza kumkanda tumbo kwa mikono yote miwili.

"Siwezi kuacha hapa, nikiacha anakufa. Na Nelvine sasa amekuwa baridi, hawezi kupatia mtoto joto. Mama! Huyo mtoto anapoa. Fungua kifua, umweke kwa ngozi yako!"

Kwa safari hiyo Rebeccah alikuwa amevaa gauni la akina mama wa kanisa, lenye vifungo vidogo kuanzia shingoni kushuka mgongoni kote. Hakuna mtu anayeweza kuvifungua peke yake, tena akiwa na mtoto mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Mwanawe alisimama pale, na Kimotho nyuma yake. Mtoto aliacha kulia. Nelvine alisikia kimya kile, na katika maisha yake yote hajawahi kuogopa kitu kama alivyokiogopa.

Rebeccah alipiga magoti kando ya kitanda, akampa Nelvine mgongo.

"Kata," alisema.

"Mama..."

"Kata, lakwet, mwanangu! Ni mimi nilishona. Kata!"

Mkono wa Nelvine ulikuwa mkono wa fundi. Aliingiza mkasi kwenye kola akakata mpaka chini. Rebeccah alilivua gauni mabegani, akamtoa mtoto kwenye taulo, akamlaza kifuani pake, ngozi kwa ngozi, mbele ya mwanawe, mbele ya mtu wa maziwa. Hakujifunika. Kipngeno aliinamisha uso, kisha akavua koti lake, akaingia, akalitandika juu ya mgongo wa mama yake. Na kwa mara ya kwanza aliuliza, "Nifanye nini?"

"Shika mguu wa bibi yako, uinue juu," Bochaberi alisema.

Wakakaa hivyo, kila mtu mahali pake. Damu ikapungua, ikakatika. Mvua ikaisha juu ya mabati. Ndipo kutoka ndani ya lile koti kikatoka kilio, chembamba bado, lakini cha hasira, na Rebeccah akalia kwa sauti kubwa kuliko mjukuu wake. Walimwita Cherop, kwa ajili ya mvua.

FUNZO

Enyi wa nyumba za heshima, angalieni lugha yenyewe. Tunasema mama amekwenda kujifungua. Nasi tunamfunga: kwa kola, kwa zipu, kwa macho ya watu ambao siku hiyo hata hawapo njiani. Mama anayezaa avae nguo inayofunguka upesi mahali mtoto anapohitaji, na yule aliyezaa asikilizwe anapoeleza alichokiona. Baba, ukinyamaza ili ule kwa amani, umeshika sindano pia. Na wewe mama mkwe, kabla hujaficha kifua cha mkaza mwana wako kwa kuogopa kicheko, jiulize kama uko tayari kutoa chako. Rebeccah alitoa, na Mungu alimhurumia. Wengi wetu tungefika tumechelewa.