Vijiko Vitatu vya Sukari

Saa sita mchana, Zone Industrielle, eneo la viwanda na maghala, ilikuwa na kelele za kila aina: malori yakirudi nyuma, wapakuzi wakitukanana kwa mapenzi, vumbi la saruji likiwapanda watu puani. Huseni, mpishi wa wapakuzi, alikuwa akivuka barabara na beseni la maandazi, kofia yake ya darizi imekaa upande, pale karani mmoja wa ghala alipomgonga kwa bega. Maandazi mawili yakaanguka.

“Weee! Unaua batoto bangu!”

“Pole, kaka. Mi nilikuwa naangalia magunia.”

“Pole haijazi tumbo. Unaitwa nani?”

“Houda.”

Alivaa gauni la kijani na mtandio mweupe uliopigwa pasi vizuri, na katika vumbi lile weupe huo ulikuwa muujiza. Huseni akasahau maandazi.

Kuanzia kesho yake, kila saa nne alimpelekea dirishani pa ofisi kikombe cha chai ya maziwa na maandazi mawili. Ulikuwa mwaka wa vikwazo, nchi jirani zimefunga mipaka, na sukari ilitafutwa kwa tochi. Wapakuzi walikunywa chai iliyosikia harufu ya sukari tu. Chai ya Houda ilitiwa vijiko vitatu. Mwenye macho haambiwi tazama.

“Imekolea, sheri wangu?”

“Imekolea kabisa, mupishi wangu.”

Mchana alimpigia ofisini kutoka simu ya mlinzi. “Allô, ni biro ya malaika?”

“Malaika ametoka. Umuachie ujumbe.”

“Muambie Huseni hajalala kwa ajili yake.”

Miezi minane ilipita hivyo, tamu kweli. Ila Houda hakuwahi kuionja ile chai. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, mwaka wa pili sasa, na mama yake, Bi Kudra wa mtaa wa Buyenzi, alikuwa amemwapisha asimwambie mtu: mwanamume akisikia binti ni mgonjwa, hukimbia hata viatu akaacha. Basi Huseni akigeuza mgongo tu, chai na maandazi vilikwenda kwa Consolate, mfagiaji wa ofisi. Consolate alinenepa mashavu, na hakuuliza kitu.

Alhamisi moja Huseni alirudi kuchukua kikombe mapema. Akamkuta Consolate anakimalizia.

“Leo amekuachia?”

“Leo? Kila siku, kaka! Houda hajakunywa ata siku moja.”

Mjue, Huseni alikuwa mtu wa Kinama, mtaa ambao wengi waliuita wa waasi. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa nne, na ukitaja mtaa unakolala tu, watu wamekwisha kukuhukumu. Watu waliogopana mpaka kwenye sahani. Wengi hawakugusa kikombe kabla aliyekileta hajakinywa mbele yao. Anayekikataa chakula chako kimyakimya amekuita mtia sumu. Hivyo ndivyo alivyoelewa, na mimi simlaumu.

Kesho yake alisimama dirishani, akanywa nusu ya kikombe mbele ya makarani wote, akakisukuma kwa Houda.

“Umeona? Sijakufa. Kunywa.”

“Huseni, siwezi.”

“Ni sababu mi ni mutu wa Kinama?”

“Apana! Wallahi, apana!”

“Basi kunywa.”

Houda alikitazama kikombe, akakumbuka kiapo cha mama yake. Hakunywa. Huseni akaondoka bila kuchukua hata kikombe.

Siku tisa hakupita dirisha lile. Houda alikonda kwa huzuni, na Consolate alikonda kwa njaa. Siku ya kumi mlinzi alimwita Huseni kwenye simu.

“Allô.”

“Ni mi. Usikate. Sikuogopa mukono yako ata siku moja, Huseni. Niko na maladi ya sukari.”

Lori likapiga honi.

“Ya sukari?”

“Ya sukari.”

“Na mi nilikuwa natia vijiko tatu.”

“Tatu.”

“Ya Rabi! Houda, mbona nilikuwa nakuua kweli!”

Houda akacheka huku analia. “Sasa unajua. Kama unataka kukimbia, kimbia leo. Sitakukasirikia.”

“Kwenu Buyenzi ni avenue ya ngapi?”

Jumapili alibisha hodi kwa Bi Kudra, amevaa kanzu safi, kapu mkononi. Wiki nzima alikuwa amemhoji nesi wa zahanati mpaka nesi akamuuliza kama anasomea udaktari. Aliomba mbabula, lile jiko la makaa, akaiwasha, akachoma samaki wa mukeke kwa ndimu na tangawizi. Akachemsha mboga za lengalenga na nyanya, maharage akayatilia tone la mawese, na ugali wa ulezi akaufinyanga mdogo kama ngumi ya mtoto. Baada ya chakula kulikuwa na karanga za kukaanga bila mafuta.

“Mafuta iko wapi?” Bi Kudra akanuna. “Unatupikia kama hospitali?”

“Onja kwanza, mama.”

Akaonja. Akamega tena.

“Nani alikuambia mutoto wangu anagonjwa?”

“Yeye mwenyewe.”

“Na ukakuja?”

“Nimekuja, mama. Ninaomba munipe Houda na maladi yake. Kila siku napikia batu mia. Mutu moja atanishinda?”

“Na kwenu Kinama? Mama yako atasema nini?”

“Nimemuambia yote. Ameuliza kitu moja tu: huyo binti anakula nini?”

Bi Kudra akageukia ukutani, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akasema aletewe wajomba wa Huseni, mambo kama haya hayasemwi na kijana peke yake.

Houda alikuwa anakula, taratibu, mukeke mpaka kwenye mfupa, maharage mpaka punje ya mwisho. Miezi minane Huseni alikuwa amempikia mwanamke huyu, na hakuwahi kumwona akitia tonge kinywani. Machozi yalimtoka pale pale mbele ya mama mkwe, wala hakuyaficha.

Houda akamsogezea sahani tupu.

“Ongeza,” akasema.