Kiu ya Mashine Nyeupe

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu na mashine moja, na mashine ndiyo iliyoamka kwa makelele kuliko wote.

Kila asubuhi mambo yalikwenda vilevile. Chiriku aliamka, akanawa uso, akafagia sebule. Kisha alifanya jambo lake moja ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Aliinama nyuma ya meza na kuchomeka waya wa printa ukutani. Mashine ilifumbua taa yake ya kijani. Ikakoroma, ikasaga meno, ikavuta pumzi ndefu kwa mngurumo ambao ungemfanya paka wa jirani aandike wosia. Halafu ikanyamaza ghafla, kama mtu aliyemaliza kunywa.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Aliitwa hivyo kwa sababu alianza kusema kabla ya kuota meno, na tangu siku ile hajapumzika. Lakini mbele ya mashine ile hata yeye alinyamaza. Alifagia kwa haraka upande ule wa chumba, na hakuipa mgongo.

Na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeichagua. Siku Mama alipokwenda kununua printa, dukani kulikuwa na mbili. Zote zilichapa, zilinakili, na kupiga picha karatasi na kuzipeleka kwenye kompyuta. Moja ilikuwa nyeusi, pana, yenye matangi ya wino ubavuni, na bei yake ilimfanya Mama apepese macho. Nyingine ilikuwa nyeupe, nyembamba, inayong'aa kama sahani mpya, na bei yake ilikuwa ya kuchekesha.

"Mama, hii nyeupe!" Chiriku alimvuta mkono. "Ile nyeusi inafanana na jeneza."

Mama akacheka, akalipa. Hakuna aliyeuliza wino wake unauzwaje. Muuzaji naye aliifunga haraka haraka, kama mwenyeji anayetaka mgeni aondoke kabla hajakumbuka swali.

Mama alifanya kazi ya kuchapa palepale sebuleni. Watu walimletea barua za kuomba kazi, kadi za harusi, vyeti vya kunakiliwa. Sasa alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote. Mwalimu mkuu wa shule ya chekechea alitaka vitabu vidogo vya picha za rangi kwa watoto wake wote. "Vikitoka vizuri," alikuwa amesema, "kazi za mwaka mzima ni zako."

Mtu wa tatu nyumbani alikuwa mdogo wake Mama, Mjomba Chumvi. Alilala kwenye kochi la sebuleni akisubiri kupata kazi. Hakuitwa Chumvi kwa sababu ya upishi. Mjomba huyu angekusimulia alivyokwenda kununua sabuni, ukadhani amevuka mito saba.

Jioni moja ya mvua, mashine ilinguruma yenyewe bila kuchapa hata nukta. Chiriku akaruka.

"Unajua kwa nini inanguruma?" Mjomba akauliza kwa sauti ya chini. "Ina kiu. Kule nilikokuwa nikifanya kazi kulikuwa na moja ya ukoo wake. Wino mwekundu ulipokwisha, ikaanza kunusa vidole vya karani. Yule karani mpaka leo akihesabu vidole anaishia tisa."

"Muongo!" Chiriku akacheka kwa nguvu.

Alicheka kwa nguvu mno. Kuanzia siku ile, kila jioni Mama alipoingia jikoni, Chiriku alinyata nyuma ya meza na kuchomoa waya ukutani. Kubonyeza kitufe hakukumtosha. Kitu kinachozimwa kwa kidole, alijiambia, kinaweza kujiwasha chenyewe. Asubuhi, kabla Mama hajatoka chumbani, na Mjomba akiwa bado amelala fofofo kwenye kochi, aliuchomeka tena.

Ndipo wino ulipoanza kupotea.

Katriji za mashine ile, yaani vile vikasha vyake vya wino, zilikuwa ndogo kama kiberiti. Mama aliponunua seti ya kwanza alirudi nyumbani kimya. Aliponunua ya pili alikaa kitini bila kuvua viatu.

"Seti mbili hizi," alisema taratibu, "ni bei ya mashine yenyewe. Na sijachapa kitu! Wino unakwenda wapi?"

Akamgeukia ndugu yake. "Chumvi, unachapa nini nikitoka?"

"Barua zangu za kazi, dada. Nyeusi tupu."

"Nyeusi tupu? Mbona mwekundu umekwisha, wa njano umekwisha? Barua zako zina maua?"

"Haki ya Mungu, dada, sijagusa rangi."

"Wewe uliyevuka mito saba kwenda kununua sabuni, leo nikuamini?"

Mjomba akacheka kidogo, akidhani ni utani. Mama hakucheka. Kuanzia siku hiyo kitu kizito kiliingia nyumbani humo. Mama alihesabu karatasi kabla ya kutoka. Mjomba aliacha kusimulia wakati wa kula, na chakula kisicho na uongo wake kilipooza upesi sahanini. Na pembeni, chini ya kitambaa chake cha kufunikia, mashine nyeupe ilikaa kama mgeni anayesikiliza.

Asubuhi moja, Mama na Mjomba wakiwa wametangulia kutoka uani, Chiriku alichomeka waya, lakini safari hii hakukimbia. Alitazama kijiskrini cha mashine, palipo na vimstari vinavyoonyesha kila rangi imebaki kiasi gani. Mwekundu ulikuwa nusu. Mashine ikakoroma, ikasaga meno, ikavuta ile pumzi yake ndefu. Iliponyamaza, mwekundu haukuwa nusu tena. Bluu nao ulikuwa umeshuka. Hakuna karatasi hata moja iliyotoka.

Chiriku alisimama na ufagio mkononi. Inakunywa kweli, akawaza. Na inakunywa kila ninapoiamsha.

Akafumbua mdomo kuita. Papo hapo sauti ya Mama ikasikika uani, ikimfokea Mjomba kwa jambo la ndoo, ingawa kila mtu alijua kwamba si la ndoo. Chiriku akaufumba mdomo. Akisema, ukali ule wote utahamia kwake. Na atasema nini? Kwamba msichana mkubwa wa darasa la sita anaogopa kuliwa vidole? Nitasema kesho, akajiambia.

Kesho nayo ina tabia ya kuzaa kesho nyingine. Magharibi moja alijaribu kuiacha mashine kama ilivyo, lakini ile taa ya kijani ilimkodolea macho kutoka gizani mwa sebule. Akarudi mbio, akachomoa.

Siku ya kuchapa vitabu vya chekechea ilifika. Mama aliweka katriji mpya na kuanza kazi mapema. Kurasa za kwanza zilipendeza. Kisha samaki wa bluu akatoka na mistari myeupe tumboni, kana kwamba ameshaanza kuliwa. Kisha twiga akatoka bila shingo. Mashine ikakohoa, ikakwama. Taa ya kijani ikazimika, na taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Kijiskrini kikaandika: Sehemu ya wino taka imejaa. Mwite fundi.

"Imejaa?" Mama alisoma. "Wino unaniishia kila siku, halafu yenyewe inaniambia imejaa?" Alimtazama ndugu yake. "Umeifanya nini?"

"Dada, sijui chochote."

"Mwalimu mkuu anataka vitabu vyake. Nikikosa kazi hii, hakuna mtu wa mtaa huu atakayeniamini tena. Nimekuvumilia, Chumvi, lakini nimechoka. Ndugu ni ndugu, ila siwezi kuishi na mwizi. Kesho fundi anakuja. Akitoka yeye, na wewe utoke."

Chiriku alisubiri Mjomba ajitetee kwa hadithi moja ndefu, yenye simba ndani yake ikibidi. Lakini Mjomba alisema tu, "Sawa, dada." Akavuta begi lake kutoka chini ya kochi, akaanza kukunja mashati yake moja moja. Hakutia chumvi hata punje. Hilo lilimtisha Chiriku kuliko mngurumo wowote.

Asubuhi iliyofuata begi lilikuwa mlangoni, limefungwa. Fundi alikuja, mwanamke mrefu aliyeitwa Bisibisi, maana hakuonekana popote bila bisibisi nyuma ya sikio. Aliilaza mashine kwenye magazeti, akafungua skrubu za nyuma, akaingiza mkono tumboni.

"Haya, Mama Chiriku," alisema. "Mwizi wenu huyu hapa."

Akavuta kitu kizito, cheusi, chenye kung'aa kwa unyevu kama ini la mnyama. Kilidondosha matone ya zambarau kwenye magazeti, na matone yalikuwa mazito.

"Ni nini hiyo?" Mama akarudi nyuma hatua.

"Sifongo. Kila mashine ya namna hii inayo. Ikijiosha kichwa, ile sehemu inayorusha wino, uchafu humwagika humu. Na haijioshi kwa maji, mama. Inajiosha kwa wino wenyewe. Wino wako wote uliopotea haukutoka nje ya mashine. Umelala humu."

Mama akakaa kitini. Mkono wake ulikwenda mdomoni, macho yakaenda kwenye begi.

"Ila kuna kitu kinanishangaza," Bisibisi akaendelea. "Mashine changa hivi haijai upesi namna hii. Ukiizima kwa kitufe chake, inajifunika kichwa, wino haukauki. Ukichomoa waya ukutani, inabaki kichwa wazi. Ikiamka, inajiosha mno, kama mtu aliyelala kwenye vumbi. Nani anaichomoa waya hapa?"

Mjomba Chumvi aligeuka polepole, akamtazama Chiriku. Chiriku hakuwa amesema neno tangu fundi aingie, na Chiriku aliyenyamaza ni sawa na jogoo aliyesahau kuwika. Mjomba akaelewa.

"Ni mimi, fundi," akasema. "Nilikuwa nachomoa ili kuokoa umeme."

"Hata hilo nalo ni wewe!" Mama akasema.

"Hata hilo." Akainama, akashika begi lake.

Mkono wa begi ulilia kidogo alipolinyanyua. Ilikuwa sauti ndogo, lakini ilimchoma Chiriku kifuani.

"Si yeye!" alipiga kelele. "Mama, si yeye! Ni mimi. Nachomoa kila jioni, nachomeka kila asubuhi. Na nilijua, Mama. Niliona vimstari vya wino vinashuka bila karatasi kutoka. Nikanyamaza nikiona unamgombeza Mjomba kila siku. Nikanyamaza tu."

Machozi yakamshinda. Mama akamgeukia.

"Na ulikuwa unachomoa kwa nini?"

Chiriku akamtazama Mjomba, kisha akaficha mikono nyuma. "Kwa ajili ya vidole."

"Vidole gani?"

Mjomba akaweka begi chini, akakuna kichwa. "Dada, ngoja. Yule karani... ana vidole vyake vyote kumi. Tena hata karani mwenyewe hayupo."

Bisibisi alicheka mpaka bisibisi ikaanguka kutoka sikioni. Mama hakucheka mara moja. Alisimama, akachukua begi la ndugu yake, akalirudisha chini ya kochi kwa mikono yake mwenyewe.

"Nimekuhukumu kwa sababu ya domo lako, si kwa sababu ya ushahidi," alimwambia. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe, dada. Lakini chai ya leo iwe na maziwa."

Ilibaki kazi ya mwalimu mkuu. Bisibisi aliwakaribisha kwenye karakana yake, ambako alikuwa na mashine nyeusi ya matangi, ndugu wa lile jeneza la dukani. Baada ya kuweka sifongo mpya kwenye ile nyeupe, walichapa ukurasa uleule kwa mashine zote mbili. Samaki wa nyeupe alitoka na rangi kali zaidi. Samaki wa nyeusi alikuwa amepauka kidogo, lakini alitoka upesi, na mwenzake akafuata, na mwenzake tena.

Safari hii Mama aliuliza. Chupa moja ya wino inachapa kurasa ngapi? Na katriji moja? Ikikaa bila kazi je? Kila jibu aliligawa kwa kurasa, mpaka akapata gharama ya samaki mmoja mmoja. Samaki wa mashine nyeupe alikuwa ghali kama samaki wa kweli.

"Nyeupe si mbaya," Bisibisi akasema. "Mtu anayechapa kurasa chache, picha mbili tatu za familia, inamtosha kabisa. Kosa ni kuifungulia biashara."

Vitabu vya chekechea vilichapwa pale karakanani. Adhabu ya Chiriku ilikuwa kupanga kurasa zote na kuzibana kwa pini, na mwalimu mkuu alivipokea kwa tabasamu. Jioni ile Mama alimketisha binti yake kando ya printa nyeupe.

"Mimi nilitazama bei ya mbuzi, sikuuliza anakula nini," alisema. "Kabla ya kununua kitu, piga hesabu ya siku zake zote, si ya siku ya kwanza tu. Hilo ni kosa langu. Lako ni kubwa zaidi. Wino uliomwagika tutanunua mwingine. Mjomba wako angetoka mlango ule kwa kosa lisilo lake, tungemnunua wapi? Ukweli ukiufungia tumboni haupotei, mwanangu. Unajaa tu, mpaka siku unamwagika mbele ya watu."

"Nimesikia, Mama. Sitarudia."

"Haya. Sasa izime. Kwa kitufe."

Chiriku alinyoosha kidole, akabonyeza. Mashine ikanguruma kidogo, ikajifunika kichwa, ikashusha pumzi. Taa ya kijani ikafumba. Akasubiri. Haikufumbua tena.

Hata hivyo alihesabu vidole vyake, vikatimia kumi. Kisha akavihesabu tena, kwa sababu kwenye kochi Mjomba Chumvi alikuwa akimtazama, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza kufumbuka.