Wabuge Asimamisha Filamu

Mildred Nanzala huuza chapati na madondo, yaani maharagwe, kando ya barabara, mtaani Pioneer, Eldoret. Wateja wake wengi ni watu wa boda boda. Hula wamesimama, wakitaniana midomo imejaa. Lakini Jumapili mchana, baada ya kanisa, Mildred hapiki. Huvaa leso safi, kisha huenda kuketi nyuma kabisa ya ukumbi wa video. Haendi kwa ajili ya filamu. Huenda kumsikiliza mwanawe.

Mwanawe anaitwa Wabuge. Kazi yake ni kusimulia filamu za nje. Hushika maikrofoni na kuwaeleza watazamaji kwa Kiswahili nani anasema nini. Tena hutia chumvi. Jambazi wa ng'ambo humpa jina la Kiplimo. Mto wowote huuita Sosiani, mto wa hapo Eldoret. Watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Mildred naye huvimba kichwa, wala hafichi.

Jumapili moja Wabuge alionyesha filamu mpya. Ilitokana na kitabu cha katuni. Ilikuwa hadithi ya nchi ya kubuni, iliyotawaliwa na mkuu katili. Mkuu huyo anaamuru raia wote waweke vidole kwenye mashine. Kesho yake askari waliofunika nyuso wanakuja na malori. Wanawazoa wote walioweka vidole.

Siku hizo wapigakura walikuwa wakiandikishwa kwa mashine ya alama za vidole katika shule ya msingi ya hapo mtaani. Wabuge akaona amepata kichekesho. Akapaza sauti: "Watu wa Eldoret, si mlienda kuandikishwa kura? Sasa lori za Turbo zimekuja kuwabeba!"

Turbo ni mji wa jirani tu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtazamaji mmoja akarekodi kipande hicho kwa simu, akakituma kwa wenzake.

Jumatano asubuhi Mzee Amos alifika kwa Mildred. Zamani Mzee Amos aliendesha lori la mahindi. Sasa amestaafu, na ukumbi wa video hajawahi kuingia.

"Mama Wabuge, umeona hii maneno?" aliuliza, akinyoosha simu.

Mildred akatazama. Aliona askari, malori, na watu wakilia. Kisha akasikia sauti. Ilikuwa sauti ya mwanawe.

"Mzee, hiyo ni filamu tu!"

"Filamu gani inajua Turbo? Kijana wako anajifanya anacheza, kumbe anatuonya. Mimi siendi kuandikishwa. Bibi yangu pia haendi. Hata kwa kanisa tumeambiana."

Chapati iliungua kikaangoni, Mildred asiione. Wateja wake wawili walikuwa wakitikisa vichwa kumuunga mkono mzee. Hao pia walikuwa wamepanga kwenda kujiandikisha. Na mwisho wa kuandikishwa ulikuwa Jumamosi.

Jioni Mildred alimshika Wabuge mkono, akampeleka nyumbani kwa jirani yao, Mwalimu Jepkosgei. Mwalimu hufundisha historia. Alisikiliza yote bila kumkatiza mtu.

"Lakini Mwalimu, ilikuwa tu ya kuchekesha," Wabuge alijitetea.

"Kuchekesha si kosa," alijibu Mwalimu. "Nieleze, ile filamu inaishaje?"

"Watu wanaungana. Wanamtoa yule mkuu, halafu wanachagua kiongozi wao."

"Kwa nini mchoraji wa kile kitabu alichora nchi mbaya namna hiyo?"

Wabuge alifikiri. "Ili watu wachunge nchi yao isifike hapo."

"Basi. Ni onyo, kama wewe unavyomwambia mtoto asikaribie jiko. Sasa huyo aliyetumiwa kipande ameona nini?"

Wabuge alijishika kichwa. "Aki, Mwalimu! Filamu inasema watu wachague. Mimi nimewafanya waogope kuchagua!"

Mildred aliuliza, "Sasa sisi tunaopokea vitu kwa simu, tutajua aje?"

"Video ikikushtua, Mama, usiitume haraka. Uliza imetoka wapi. Tafuta mwanzo wake na mwisho wake. Kisha uliza wanaohusika. Makarani wa kuandikisha wako hapo shuleni mchana kutwa, nenda uwaulize. Na kama ulishaituma, waambie wale wale uliowatumia kwamba si kweli."

Wabuge aliona kwamba hata yeye anapaswa kujisahihisha mbele ya watu. "Nikisimama kusema nilikosea, watu watanidharau. Nani atakuja kunisikiliza tena?"

"Wakikudharau, chapati bado ziko, utakula," alisema Mildred. "Lakini watu wakikosa kura kwa sababu ya mdomo wako, mimi nitawaangalia na macho gani?"

Alhamisi jioni filamu ilionyeshwa tena, bila kiingilio. Mildred alimleta Mzee Amos mwenyewe na kumkalisha kando yake. Ilipofika mahali pa mashine ya vidole, Wabuge alisimamisha filamu. Akasimama mbele ya watu.

"Hapa ndipo nilikosea," alisema. "Hii si Eldoret. Hakuna lori la Turbo. Hapa kwa mashine hakuna mtu ametaja kura, ni mimi niliongeza. Naomba msamaha."

Minong'ono ikaenea ukumbini.

"Umetuchezea!" alifoka kijana mmoja wa boda boda. "Mimi nimetumia watu wote wa kwetu hiyo kitu!"

"Basi nirekodi sasa," Wabuge alimjibu. "Uwatumie na hii."

Kijana alimtazama, kisha akatoa simu. Wengine nao wakatoa zao. Wabuge akarudia maneno yake yote, taratibu, bila mzaha. Kisha akaendelea na filamu, akasimulia bila kuongeza neno.

Safari hii watazamaji hawakucheka. Wengine walimlaani yule mkuu kwa sauti. Raia walipovunja lango la ikulu, watu walipiga mbinja. Mzee Amos aliinuka kitini.

"Hawa walinyimwa kuchagua, wakafa wakiitafuta nafasi hiyo!" alisema. "Sisi tumeitwa na bado tunakataa!"

Makofi yalivuma mpaka mabati yakatetemeka.

Jumamosi, pale shuleni, foleni ya kujiandikisha ilitoka darasani ikafika barabarani. Mzee Amos na mkewe walikuwa mbele. Mildred alikuwa nyuma yao. Miaka yote alikuwa akisema chapati hazimwachii nafasi ya kwenda kujiandikisha. Leo alikuwa ameziacha.

Mwanamke asiyemfahamu alimgusa bega. "Mama, mimi nimetoka upande ule mwingine wa mji. Nimekuja juu ya video ya kijana fulani. Amesimama mbele ya watu akakubali amekosea. Siku hizi nani anafanya hivyo? Unamjua?"

Mildred aligeuka. Aliongea kwa sauti ya kusikika foleni nzima.

"Huyo ni wangu. Nimemzaa mimi!"

Watu wakacheka na kumpigia makofi. Karani akaita anayefuata. Mildred akafuta vidole kwenye leso yake, akaingia darasani.