Dakika Moja ya Kutafutana

Asubuhi ile Botagoz alikuwa amechuchumaa kwenye matete ya ziwa Sarykamys, anatemea mate miwani yake ya kuzamia ili kioo kisishike ukungu. Vazi jeusi la mpira lilimkaa vizuri mpaka mchumba wake, Madiyar, akasahau kufunga mtungi wake wa hewa.

"Mama yangu akuone unavyotema, Jumapili akija kukuvisha hereni za uchumba anarudi nazo."

"Arudi nazo. Wewe si ulinipenda hivi hivi, tukigombania miwani hii sokoni Almaty?"

"Nilikuachia kwa huruma, roho yangu."

"Uliniachia kwa sababu kichwa chako hakikuingia."

Wakacheka.

"Tukipotezana?" Botagoz akauliza.

"Natafuta dakika moja, napanda juu. Najua, mwalimu."

Maji hayakuwa na kina, kimo cha watu watatu tu. Lakini chini ni tope laini kama unga. Pezi la mpira mguuni mwa Madiyar lilipoligusa, dunia yote ikawa uji. Botagoz hakuona hata mkono wake. Akapapasa, akazunguka, akahesabu mpaka sitini, akapanda.

Juu hapakuwa na mtu. Mapovu ya pumzi yake tu, yanakwenda huku, yanarudi kule. Alitaka kuzama tena, lakini yeye akizama halafu mwenzake akapanda, si watatafutana mpaka hewa iishe? Akabaki pale pale, analia ndani ya miwani.

Mapovu yakapungua. Ndipo Madiyar akaibuka, midomo ya bluu.

"Nilidhani umenasa," alisema akihema. "Nimekutafuta mpaka mtungi umekauka. Kumbe wewe uko hapa?"

"Tulikubaliana, Madi."

"Dakika moja. Ndiyo thamani yangu kwako."

Mlangoni kwa kina Botagoz, Madiyar akasema, "Mama nitamwambia Jumapili asije kwanza."

Botagoz alimpigia simu, hakupokea. Akapiga tena, akamkatia. Basi akaandika:

"Sijawahi kuona dakika ndefu kama ile. Ukipotea tena nitahesabu, nitapanda, nitakungoja. Na wewe upande. Wa kufa akinitafuta simtaki, Madi. Nataka wa kuzeeka naye."

Alama mbili zikageuka bluu. Ameusoma ujumbe.

Jikoni mama yake akauliza, unga wa maandazi ya wageni aukande au aache?

"Subiri kidogo, mama," Botagoz akasema, macho kwenye simu.