Mshale Ulionyamazishwa

Asubuhi ile nyumba ya fundi saa ilikuwa imetulia. Mikate ilikuwa tanuruni na harufu yake imeshajaa ua mzima. Mke wa fundi saa, ambaye ndiye mwoka mikate, alikuwa amekaa kizingitini akimtazama binti yake akimsuka mtoto wa jirani. Vidole vya yule binti vilikwenda vyenyewe. Mdomo unacheka, macho yako barabarani, na vidole huku vinagawa nywele, vinashika, vinapitisha, vinakaza, na mstari unatoka umenyooka kama uliopigwa rula. Alikuwa amerudi juzi tu kutoka mji mwingine alikokwenda kujifunza ususi. Kesho yake alitakiwa kwenye saluni kubwa ya mjini, asuke mbele ya mwenye saluni, na kazi ikipendeza apewe kiti chake mwenyewe cha kusukia.

"Mwanangu, vidole hivyo umevitoa wapi?" mama aliuliza.

"Kwenye unga wako, mama. Si umenikandisha tangu sijaota meno?"

Wakacheka. Jamani, mlioko kwenye nyumba zinazocheka hivyo, zilindeni. Kicheko hiki hakikumaliza siku mbili.

Barabarani ukasikika mlio kama wa birika lililokabwa koo. Mheshimiwa anarudi.

Mheshimiwa lilikuwa gari. Baba yake fundi saa alilinunua enzi za ujana wake, akalipanda mpaka alipokufa, akamwachia mwanawe. Bampa zake ziling'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Viti vya ngozi vilipakwa mafuta kuliko watoto wa nyumba ile. Lakini lilikuwa linachemka. Lilichemka likipanda mlima na likachemka likiteremka. Na nyumbani kwa fundi saa ilikuwa marufuku kulisema hilo neno. Ukisema Mheshimiwa anachemka, umemtukana marehemu. Ilibidi useme "amechoka kidogo", kisha ukachote maji. Kila siku madumu ya maji yalitoka kwenye pipa la nyumba yakaingia kwenye buti la gari, na mama akakandia unga kwa maji ya kuomba kwa majirani.

"Kesho nakupeleka mimi, mama," fundi saa alimwambia binti yake huku akishuka. "Na Mheshimiwa. Mwenye saluni ajue umetoka nyumba gani."

"Baba, ningepanda basi tu."

"Basi! Binti yangu mimi abanwe makwapani mwa watu!"

Basi likaishia hapo.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, niwaambieni kuhusu kikao cha boneti, maana mnacho mtaani kwenu, msijitie hamnazo. Ni wale wanaume ambao boneti likifunguliwa tu wanatokeza, mikono nyuma, kila mtu na maoni, hakuna mwenye spana. Mmoja alisema thamostati, kile kifaa cha kuruhusu maji yapite injini ikipata moto, ndiyo adui, ikang'olewa ikatupwa. Mwingine akasema boneti liachwe wazi kidogo kwa kijiti, upepo uingie. Wa tatu akaapa kwamba yai bichi likitiwa kwenye rejeta inayopoza maji ya injini huziba tundu zote, na mwoka mikate akaenda kwenye trei yake akakuta mayai yamepungua. Gari likaendelea kuchemka, safari hii na harufu ya kiamshakinywa.

Aliyejua alikuwepo. Fundi rejeta wa mtaa wa pili alikuja kununua mkate, akainama, akapitisha kiganja mbele ya ile rejeta.

"Shemeji, hapa juu pa moto, hapa chini pa baridi. Imeziba kutu na tope, maji hayapiti. Na mkanda wa feni umelegea. Niachieni, niifungue, niisafishe. Kesho kutwa mnalichukua."

"Kesho kutwa?" fundi saa aling'aka. "Nitembee kwa miguu watu wananitazama? Wewe unamjua aliyelinunua gari hili?"

"Simjui. Ila anayeliua namwona."

Alifukuzwa na mkate wake mkononi.

Kisha likaja suala la mshale. Kwenye dashibodi ya Mheshimiwa kulikuwa na mshale wa joto, kazi yake kumwambia dereva kama injini imepoa au imepata moto. Siku moja fundi saa alimpakia mtu mzito, mtu wa kusalimiwa kwa mikono miwili, na yule mtu akasema njiani, "Mzee, mshale wako mbona umelala kwenye nyekundu?" Fundi saa aliona aibu mpaka masikioni. Alipofika nyumbani alijikunja chini ya usukani akachomoa waya. Tangu hapo mshale ukakaa kwenye baridi, gari liwe limelala au linaungua.

Mkewe alimwona. Akamwambia, "Baba, wewe si fundi saa? Saa ya mteja ikidanganya unaiita mbovu."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana, ila..."

"Basi geuza mikate yako."

Akaigeuza. Fikirieni fundi saa huyo! Riziki yake yote inatokana na kuhakikisha mishale inasema kweli, na wa kwake ameukata ulimi. Binti wakati huo alikuwa chuoni. Aliporudi, hakuna aliyemweleza habari za waya. Baba hakusema kwa kiburi. Mama hakusema kwa sababu alitaka nyumba ilale kwa amani.

Siku ya saluni fundi saa aliamka mapema, akalipeleka Mheshimiwa mzunguko mrefu ili mtaa uone alivyoling'arisha. Alirudi akaliegesha langoni, akaacha ufunguo wa kuwashia mahali pake penye usukani, akaingia kuvaa koti. Binti alikuwa bafuni, hakusikia gari likitoka wala likirudi. Alitoka amependeza, kitana kikubwa kimechomekwa kwenye mkoba.

"Mama!" baba aliita kutoka chumbani. "Mtazamie Mheshimiwa maji, tuondoke!"

Aliyeitwa ni binti; kazi hiyo alifundishwa na huyohuyo baba tangu akiwa mdogo. Sheria aliijua: usiguse mfuniko wa rejeta kabla ya kusoma mshale. Akaketi, akazungusha ufunguo nusu, taa za dashibodi zikawaka. Mshale ukabaki kwenye baridi. Akangoja kidogo, usinyanyuke. Akafungua boneti. Lilikuwa na joto, lakini jua nalo lilikuwa limeshaliwakia. Akakunja kitambaa, akashika mfuniko.

Mwoka mikate alikuwa dirishani mwa jiko. Alimwona. Na hapa ndipo ninapotaka kurusha kalamu, ndugu zangu. Neno lilimfika kooni, lile neno lililokatazwa, na badala ya kulipiga ukelele, kwa nusu pumzi aligeuza shingo kutazama mlango wa chumba, mume wake anasikia au hasikii. Nusu pumzi tu. Ndoa nzima ilikuwa imeifundisha shingo hiyo kugeuka.

"Usifungue! Linachem—"

Mfuniko uliruka. Maji yalipanda kama yaliyokuwa yakisubiri mtu, mekundu kwa kutu, yakamvaa binti mkono wa kulia toka kiwiko hadi kucha.

Mama alimburuta hadi kwenye pipa amwagie maji baridi. Pipa kavu. Maji yote yalikuwa kwenye madumu, madumu kwenye buti, buti limefungwa, ufunguo wa buti umo ndani ya koti, na fundi saa anapapasa mfuko huu na huu huku mwanawe anapiga kelele ambazo mtaa bado unazikumbuka. Ni jirani aliyeleta ndoo, na ni jirani huyohuyo aliyewakimbiza hospitali.

Jioni, kikao cha boneti kilifika wodini kutoa pole. Wakakaa kwenye benchi, wakashika mashavu.

"Mfuniko ulikuwa feki," alisema mmoja. "Siku hizi hawatengenezi kitu."

"Mshale nao ulimponza mtoto," fundi saa aliguna, bila kumtazama mtu.

"Na hedi ya injini je? Imepona?" akauliza wa mayai.

Mwoka mikate alisimama. Hakuwahi kupaza sauti mbele ya wanaume hao.

"Hedi?" alisema. "Mtoto amefungwa bandeji hadi kwapani, unaulizia hedi! Ondokeni. Wote. Na wewe, mume wangu, usimsingizie mshale. Mshale ulikuwa ukisema kweli, ukauziba mdomo. Fundi rejeta alisema kweli, ukamfukuza. Mimi nilisema kweli, ukaniambia nigeuze mikate, na mimi mjinga nikaigeuza! Gari linachemka! Linachemka, linachemka, linachemka! Marehemu kama ameudhika, aje anidai mimi."

Wanaume wa kikao wakainuka mmoja mmoja wakatoka. Fundi saa aliinamisha kichwa.

Gari lilipelekwa kwa fundi rejeta. Aliifungua rejeta, akaizibua kwa fimbo nyembamba ya chuma, likatoka tope la kahawia kama uji ulioganda, na ndani yake vipande vya yai. Akafunga thamostati mpya, akakaza mkanda wa feni, akarudisha waya wa mshale. Kazi ya mchana mmoja. Mchana mmoja, jamani! Likapanda mlima bila hata kukohoa.

Mkono wa binti ulipona ngozi, lakini vidole viwili vimekakamaa, havikunji. Ile saluni ilimchukua, kwa huruma. Hasuki. Anakaa mlangoni, anapokea wateja, anachambua nywele na kuwapa wenzake wanaosuka. Fundi saa hupita na gari lake zuri, baridi kabisa, hupunguza mwendo na kupiga honi. Binti haangalii barabarani. Anachambua nywele, uzi kwa uzi, kwa mkono wa kushoto.

FUNZO

Nyumba ambayo ukweli unaombwa ruhusa kabla ya kusemwa ni nyumba ya hatari, hata kama ukumbini kumetulia. Wewe baba unayemnyamazisha kila anayekuonya, elewa kwamba hatari haikatiki kwa kukata sauti yake. Inabaki palepale, inangoja, na mara nyingi atakayeipata si wewe. Ni yule aliyekuamini akafuata uliyomfundisha. Wewe mama unayemeza maneno ili pawe na amani, hiyo siyo amani. Sema mapema, sema kwa sauti, na usigeuze shingo. Nanyi wa kikao cha boneti, mnaomsifia mtu kosa lake kwa sababu hamtaki kumuudhi: kama huna spana, wala huna neno la kweli, kaa kwako.

Kitu kikiharibika, kiiteni kwa jina lake na kitengenezwe siku hiyohiyo. Kama kutembea kwa miguu siku mbili ni aibu, basi nendeni mkakae mlango wa saluni ile, mmtazame binti anavyofunga kifungo cha blauzi yake.