Lebo Ishirini na Nne

Kila asubuhi kabla ya shule mimi huchekecha unga wa mchele katika duka letu la keki za mvuke hapa Jeonju, Korea Kusini. Baba hupanga vyungu motoni, naye Shangazi Mal-sun hupita nyuma yake akikosoa. "Profesa, hebu funika vizuri. Mvuke hauogopi shahada," humwambia, na Baba hucheka.

Mwaka mmoja nyuma hakuwa mtu wa kucheka. Alifundisha historia chuo kikuu kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na kila Desemba alikonda akisubiri kujua kama watamtaka tena. Chakula cha jioni tulikula bila yeye. Kisha magoti ya Shangazi, aliyekuwa akiliendesha duka peke yake, yakaanza kumsumbua, Baba akaacha chuo, akafunga aproni. Nyumbani tulifurahi. Shuleni sikumwambia mtu. Kwenye fomu ya darasa la sita niliandika kwamba baba yangu ni profesa, nikidhani uongo mdogo kama ule hauna miguu ya kunifuata.

Kwetu, mtoto akitimiza mwaka, watu hugawiwa keki nyeupe za mchele. Baba alipotimiza mwaka dukani, alisema duka nalo ni mtoto wake. Akafungasha maboksi ishirini na manne kwa ajili ya darasa langu, na juu ya kila moja akabandika lebo yenye jina lake, aliyoiandika kwa mkono: "Keki za Gu Tae-sik." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyuma ya maktaba ya shule nilizibandua zote, nikazitia mfukoni. Darasani nikasema keki hizo Baba amezinunua mahali fulani. Ye-rim, ninayekaa naye dawati moja, alilamba vidole akasema profesa kweli anajua kuchagua. Mwalimu Pyo alimaliza yake, akauliza duka liko wapi, kwa kuwa mama yake alikuwa anakaribia kutimiza miaka sabini na angependa kuagiza. Nikajibu kwamba sijui.

Jioni nilikuta Shangazi ameandaa meza dukani. Mtoto wa mwaka mmoja huwekewa vitu mbele yake, na anachokishika kwanza watu husema ndiyo kazi yake ya baadaye. Siku yake Baba alishika kalamu, na Bibi aliringa na kalamu ile mpaka alipofariki.

"Alikuwa mtoto, hakujua alitendalo," alisema Shangazi. "Leo achague tena, akiwa na akili zake."

Mezani palikuwa na kalamu, uzi wa kutakia maisha marefu na bakuli la mchele. Lakini Baba alikuwa akinitazama mimi.

"Walizipenda?"

"Sana."

"Waliuliza zimetoka wapi?"

Nikatoa lebo mfukoni, zimekunjamana na kushikana, nikaziweka kando ya mchele. Nikaeleza yote huku nalia, pamoja na ile fomu.

Baba akavuta kiti, akaketi. "Unaukumbuka mkoba wangu wa chuo? Miezi mitatu ya kwanza nilikuja nao hapa kila siku, ndani mna aproni tu, ili majirani wadhani naenda kufundisha."

"Na walijua siku zote," Shangazi akadakia. "Profesa gani ananukia ufuta wa keki?"

"Siku nilipouacha nyumbani ndipo nilipopata usingizi," alisema Baba. "Mwaka huu sijutii hata siku moja, mwanangu, isipokuwa zile za mkoba."

Kisha akanyoosha mkono mezani. Akaipita kalamu, akaupita uzi, akaupita hata mchele. Akachukua lebo moja, akailainisha taratibu kwa kidole gumba.

Kesho yake nilimwambia Mwalimu Pyo ukweli, kisha nikaliambia darasa. Walicheka kidogo. Ye-rim aliniita binti wa profesa wa mchele mpaka saa ya chakula, halafu akauliza kama kuna keki zilizobaki. Mwalimu aliagiza siku hiyo hiyo.

Mwalimu alipokuja dukani kuchukua mzigo wake, Shangazi alinipa boksi na lebo.

"Kazi halali haimwaibishi mtu, Na-rae. Kinachomchosha ni kuificha," alisema. "Haya, bandika. Na ukandamize vizuri, isibanduke."