Nyasi za Njia ya Mama Selpha

Kila asubuhi kabla ya shule, Amuron alikuwa na kazi ya kuhamisha mbuzi, na kaka yake Emukule alikuwa na kazi ya kumcheka kwa jinsi mbuzi walivyomburuta. Hapo kwao, karibu na reli ya Malaba, ndivyo siku zilivyoanza. Lakini tangu matokeo ya mtihani wa darasa la saba yatoke, Januari ile ya mwaka 1974, Emukule hakumcheka mtu. Alikuwa ameanguka mara ya pili. Baba yao, mzee Echodu, hakumchapa. Aliacha tu kumwita kwa jina. Akimhitaji, alisema, "Mwambieni yule."

Jumatatu Emukule alimpa mtoto wa jirani manati yake. Jumanne alimpa Amuron mkebe wake wa jometri, ule ambao zamani ukiugusa tu unafokewa. "Chukua, uwe wako kabisa," alisema. "Mimi nimechoka. Mkinikosa hapa, msihangaike kunitafuta." Kisha akamwapisha asimwambie mtu.

Amuron alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini hakuwa mjinga. Mwaka uliopita Etyang, kijana wa boma la pili, naye aligawa vitu vyake, kisha akajitoa uhai. Hakukuwa na matanga. Wazee walimzika nje ya boma, wakapiga marufuku jina lake, eti ukilitaja unaiita balaa mlangoni kwako. Hata mama yake, Mama Selpha, hakuna aliyekwenda kumpa pole. Watu walikatiza katika mihogo ili wasikanyage njia ya kwake, hadi njia ikaota nyasi.

Siri ile ilimkaba Amuron. Jioni hiyohiyo alimfuata mama yake jikoni. "Mama, Emukule anasema maneno kama ya Etyang." Mama alimziba mdomo kwa mkono wenye unga wa wimbi, akasema jina hilo halitajwi nyumbani mwake, akaendelea kusonga ugali.

Kesho yake alimwendea mwalimu Okwara. Mwalimu alisikiliza nusu tu, akasema mambo ya kishetani hayazungumzwi shuleni, na kijana avumilie kama mwanamume. Amuron alitoka ofisini na hasira mpaka machozi. Watu wazima wote hao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza Emukule anaendeleaje. Waliliogopa jina la marehemu kuliko kumpoteza aliye hai.

Hakurudi darasani. Aliifuata ile njia yenye nyasi hadi mwisho, akamkuta Mama Selpha akimenya karanga. Mama huyo alishtuka, maana alikuwa amesahau sauti ya mgeni. Amuron alisema yote kwa pumzi moja, pamoja na lile jina.

"Rudia jina lake," Mama Selpha alisema polepole. "Mwaka mzima sijalisikia kwa mtu."

"Etyang."

Mama Selpha aliinuka. Karanga zikamwagika, asiziokote. Akamwambia waende.

Walimkuta Emukule ameketi peke yake nyuma ya ghala. Mama Selpha alikaa chini kando yake, akamuuliza bila kuzunguka, "Mwanangu, unafikiria kufa?" Amuron alidhani ardhi itapasuka. Haikupasuka. Emukule alilia kama mtu aliyengoja sana kuulizwa, akasema ndiyo, kwani nyumbani kwao hana hata jina.

Mzee Echodu alitoka amewaka, akitaka kujua nani kamruhusu mwanamke huyo kuingia bomani. Mama Selpha hakusimama.

"Mzee, mlinikataza kumlilia wangu, nikanyamaza. Huyu wako bado anapumua. Mwite."

Mzee alimgeukia kijana. Mwishowe akasema, "Emukule." Kisha akaketi palepale kwenye vumbi, kando ya mwanawe.

Siku zilizofuata hawakumwacha Emukule peke yake hata kidogo. Mama yake alimpeleka zahanati, akazungumza na muuguzi. Mwalimu Okwara alikuja mwenyewe, macho chini, akamtafutia nafasi kwa fundi seremala. Huzuni haikuisha mara moja. Zilikuwapo asubuhi ambazo Emukule hakutaka hata chai. Lakini wiki ya tatu mbuzi walimburuta Amuron hadi matopeni, na kaka yake akacheka.

Jumapili hiyo Amuron na mama yake walipita kwenye nyasi zile na kikapu cha wimbi, kutoa pole iliyochelewa mwaka mzima. Amuron alikuwa na jambo moja lililomsumbua bado. Alikuwa amevunja kiapo alichompa kaka yake.

"Siri ya mtu anayetaka kufa haitunzwi," Mama Selpha alimwambia. "Unaipeleka kwa mtu mzima. Akikufukuza, unakwenda kwa mwingine, na mwingine tena, mpaka umpate atakayeinuka. Etyang alipogawa vitu vyake alinipa redio yake, mwanangu, nami nikamshukuru. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kuuliza. Wewe sasa unajua."